Nilimzika Mtani Wangu kwa Adabu

Sikupelekwa shule. Liandike hilo kwanza, ili anayesoma asitafute katika maneno haya elimu ambayo sikupewa. Baba yangu alikuwa na ng'ombe na watoto wa kiume. Ng'ombe walichungwa, wavulana wakasomeshwa, mimi nikakabidhiwa mchi. Silalamiki. Nataja tu, kwa sababu watu waliosoma ndio walionijia nyumbani kwangu Ipuli kuniomba maneno, nikawapa, na yaliponirudia sikuyatambua.

Anayeandika ni mjukuu wangu wa kike, binti wa mwanangu wa pili. Anasomea ukutubi katika chuo kimoja hapa mjini, yaani kazi ya kutunza vitabu na kumbukumbu za watu. Nimemwagiza aandike ninavyosema, kisha anisomee, na nikikuta amelainisha neno nitamrudisha nyuma. Amekwisha kurudishwa. Ana tabia ya kutaka kila jambo liishe vizuri.

Habari hii ni ya mtani wangu. Alikuwa Mzaramo. Alikuja Tabora akiwa kijana wa kazi ya reli, akaoa hapa, akajenga Cheyo, akazeeka, na kwao pwani akawa anakwenda kwa misiba tu. Mimi ni Mnyamwezi, mjane wa Mnyamwezi. Babu zetu walibeba pembe na mizigo kutoka huku hadi pwani, wakapita katika nchi ya babu zake. Huko njiani walipigana, wakanyang'anyana, wakauguzana na kuzikana. Na walipochoka kupigana wakaona ni afadhali watukanane. Huo ndio utani wetu. Ulizaliwa katika njia ya misafara, na umeishi kuliko misafara yenyewe.

Utani una sheria, na sheria kubwa kuliko zote ni kwamba mtani hakanushwi. Akikuita mwizi, mwambie umeiba zaidi ya anavyojua. Akisema baba yako alikuwa mwoga, mwambie alikuwa mwoga hata wa kuku. Ukisema "hapana, si kweli," umekasirika. Ukikasirika umemtoa katika udugu na kumweka pamoja na watu wa nje, ambao kwao maneno hupimwa kwa ukweli na uongo. Sisi tulipimana kwa ujasiri wa kuyapokea.

Kila Ijumaa baada ya swala alipita kwangu. Hakupiga hodi.

"We mla mizigo! Bado unapumua?"

"Napumua nipate kukuzika, mla nazi."

"Utanizika na nini, nawe jembe umeliuza?"

"Nitakuzika kwa mikono. Kwa kimo chako hicho, shimo la panya linatosha."

Ndipo alipoketi, akapewa uji. Siku alipozikwa mume wangu, mzee huyu alijilaza chali langoni mbele ya jeneza, akasema marehemu hatoki mpaka jogoo aliyemwibia arudishwe. Mume wangu alikuwa mpiga tarumbeta wa kanisa la Moravian, mtu ambaye hakuweza kuiba hata usingizi wa mchana. Wanangu walicheka huku wakilia. Mimi pia nilicheka, na kwa kicheko kile nikaweza kusimama na kutembea hadi makaburini. Asiyejua utani haoni kwamba ile ilikuwa ni kazi. Mzee yule alinibeba.

Sasa nije kwa mkutubi.

Alikuja kiangazi, mtu wa makamo, mwenye miwani na shati lililopigwa pasi. Aliniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, akaketi pale alipoonyeshwa. Alisema maktaba anayoisimamia ina tatizo. Vijana hawaji tena kuuliza kitu. Wanauliza simu, na katika simu kuna mashine waliyoiita akili mnemba, inayojibu swali lolote bila kusita. Akanionyesha picha. Alikuwamo mtu mweusi aliyevikwa taji kama la mfalme wa karata, ameketi juu ya pembe za ndovu, na nyuma yake kuna bahari.

"Huyu nani?" nikauliza.

"Wanasema ni mtemi wa Unyanyembe, bibi."

"Na bahari imefika lini Tabora?"

"Ndiyo taabu yetu hiyo. Mtoto wa shule ameniletea kama kazi yake ya historia. Nikimwambia si kweli, ananiuliza: wewe ulikuwepo?"

Alieleza kwamba dawa aliyoifikiria ni kukusanya sauti za wazee, wale waliosimuliwa na babu zao habari za njia ya misafara, na kuziweka maktaba, ili mtoto anayetaka kujua apate mahali pa kurejea. Sikumwona mjinga. Nasema hivyo kwa haki, maana mbele huko nitamsema. Alikuwa mtu aliyeona nyumba inaungua akaenda kuchota maji. Nilikubali, kwa sharti moja: sitazungumza na chuma cha kunasa sauti peke yangu. Mtani wangu aje tuketi pamoja, mmoja akisahau mwingine amkumbushe.

Tuliketi katika chumba cha maktaba chenye feni isiyozunguka. Mkutubi aliweka kinasa sauti mezani, akauliza, nasi tukajibu. Nilisimulia habari za babu wa mume wangu, aliyekuwa mpagazi: jinsi bega lake la kushoto lilivyokuwa na nundu ngumu kama kisigino, na jinsi alivyokuwa akiwaambia wajukuu waweke mikono juu yake ili waisikie pwani. Hayo yalikuwa kweli tupu. Mtani alinivumilia, kisha akashindwa.

"Mwongo huyu," akamwambia mkutubi. "Nundu hiyo si ya mzigo. Ni ya kamba ya kuvutia watu. Ukoo wa mume wake ndio uliomuuza shangazi yake babu yangu, kwa kipande cha kaniki!"

Wanaojua watajua nililazimika kujibu nini.

"Tulimuuza, ndiyo," nikasema. "Na kaniki yenyewe ilikuwa na matundu. Mnunuzi alimrudisha kesho yake, akasema mtu huyu anakula kuliko anavyobeba."

"Mkafanya nini?"

"Tukamuuza tena. Kwa hasara."

Mkutubi alicheka hadi akavua miwani akafuta macho. Akatupiga picha tukiwa tumeegemeana, midomo wazi, meno yetu machache nje. Alikuwa mtu wa Nzega; utani aliujua kama ninavyoujua mimi. Kwa hiyo hakuona haja ya kuandika popote kwamba pale tulikuwa tunataniana. Nani huandika chini ya picha ya mvua kwamba haya ni maji? Aliandika siku, mahali na majina yetu, akafunga kazi yake akiwa ameridhika.

Sauti zile zilipelekwa chuoni, katika darasa la huyu mjukuu wangu. Mkufunzi wao, mwanamke mwenye sauti ya upole, aliwagawia wanafunzi wazisikilize na kufupisha kila mazungumzo katika maneno machache, ili wanaofungua ukurasa wa maktaba katika simu wajue mna nini ndani. Kundi la mjukuu wangu lilipewa wazee wengine. Waliopewa sisi hawakusikiliza. Kusikiliza wazee kunachukua muda. Wazee hukohoa na kurudia. Walichukua sauti zetu wakaipa ile ile mashine iliyomvika mtemi taji la karata, wakaiamuru ifupishe. Nayo ikafupisha. Maktaba iliyokusudia kuzuia uongo kwa vinywa vyetu ilichukua vinywa vyetu ikavitia katika kinu cha uongo, na aliyepaswa kuangalia alikuwa na kazi nyingi.

Mjukuu wangu aliniletea simu jioni moja, uso umemshuka.

"Bibi, nikusomee kitu?"

"Soma."

Akasoma: "Ukoo huu ulishiriki katika biashara ya watumwa. Mjane amethibitisha kwamba familia ya marehemu mumewe iliwauza watu wa pwani kwa kubadilishana na nguo, na kwamba baadhi yao waliuzwa zaidi ya mara moja."

"Rudia hapo kwenye mjane."

"Amethibitisha, bibi."

Juu ya maneno hayo ilikuwapo picha yetu, tumeegemeana, tunacheka.

Sikuelewa uzito wake siku ile. Nilidhani ni upuuzi wa watoto, utafutwa kesho. Lakini maneno yale yalikwisha kuondoka. Yaliingia katika makundi ya simu ya mitaa, na huko mtu nisiyemjua akayatengenezea picha zinazotembea: mwanaume mwenye kiboko, aliyechorwa na mashine, anapitisha mstari wa watu waliofungwa shingo, na chini yake limeandikwa jina la ukoo wa mume wangu. Mume wangu mpiga tarumbeta. Gongoni dukani kijana wa kupima mchele aliniangalia, akamwangalia mwenzake, wakanyamaza. Watoto wa mtaani walipata wimbo wa kuruka nao kamba, na mimi nilikuwamo ndani yake.

Hayo yote ningeyameza. Nimemeza makubwa zaidi.

Kilichonishinda ni kinu. Jirani yangu ni Mmanyema. Nyanya yake aliletwa Tabora kutoka ng'ambo ya ziwa Tanganyika akiwa mtoto, kwa mnyororo, na alikufa akiwa na kovu shingoni ambalo alilificha kwa ushanga. Jambo hilo jirani yangu hakumwambia mtu; aliniambia mimi, zamani, siku tuliyokuwa tukitwanga pamoja. Tulikuwa tunatwanga pamoja siku zote. Kinu ni changu, lakini kilikaa uani kwake kwa sababu uani kwake kuna kivuli, na tangu nilipokuwa na nguvu za kukibeba sikumbuki kilirudi kwangu hata siku moja.

Asubuhi moja nilifungua mlango nikakikuta kizingitini. Kimeoshwa. Kimefudikizwa.

Hakuniita, hakunitukana, hakuniuliza. Angeniuliza ningejua la kusema. Nilikaa mbele ya kinu kile hadi jua likanifikia miguuni, na hapo ndipo nilipojua ni kitu gani hasa nimenyang'anywa. Jina la mume wangu lilikuwa limekufa katika nyumba ya mtu aliyekuwa na haki kuliko wote ya kulichukia, kama maneno yale yangekuwa kweli.

Nilikwenda maktaba. Nilikwenda kwa miguu, na sikuamkiwa kwa sababu sikumpa mtu nafasi.

"Ifute," nikamwambia mkutubi.

"Ule ufupisho nimekwisha kuufuta, bibi. Nimeandika na masahihisho. Nimewaandikia hata wenye yale makundi, wachache wamejibu."

"Sisemi ufupisho. Sauti. Ifute sauti yangu."

Akavua miwani akaiweka mezani. Kisha akasema, "Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki, bibi. Nikiifuta sauti, maneno ya mashine ndiyo yatakayobaki peke yake. Mtu akija miaka ijayo kuuliza mlisema nini hasa, na mlisemaje, hatakuwa na pa kwenda. Sauti yako ndiyo shahidi wako pekee."

"Shahidi wangu ndiye anayenifunga."

"Kwa sababu hawajaisikiliza. Mtu akiisikiliza anawasikia mnavyocheka."

"Na waliotwangiwa jina la mume wangu kwenye simu, watakuja hapa kusikiliza?"

Alikuwa na haki katika alilosema, nami nilikuwa na haki, na haki mbili hizo hazikunirudishia jirani yangu. Nilipomtazama nikaona kuwa hakulala vizuri. Sikumhurumia. Sijamhurumia hadi leo, ingawa mjukuu wangu amesita kuandika hapa. Andika.

Baada ya siku chache alikuja mkufunzi nyumbani, na sukari mkononi, kama anayekuja msibani. Alipiga magoti aliponiamkia. Alisema kosa ni lake, kwa kuwa aliwafundisha wanafunzi namna ya kutunza maneno kabla hajawafundisha namna ya kuyasikia. Alisema darasa lake sasa limebadilika. Mwanafunzi hawezi kuweka jambo mbele ya watu mpaka aulize nani amesema, lini, kwa nani. Kisha akaleta ombi. Wanataka kufanya somo la wazi pale maktaba, watu wa mitaa waalikwe, waonyeshwe jinsi uongo huu ulivyotengenezwa. Mimi na mtani wangu tuje tuseme kwa vinywa vyetu kwamba yale hayakuwa kweli.

"Unajua unaniomba nini?" nikamwuliza.

"Najua ni vigumu, bibi."

"Hujui. Wewe umetoka wapi?"

Akataja kwao, mbali, ambako watani wao ni wengine. Angeweza kujua, lakini hakuwa ameunganisha. Nilimwambia: mtani hakanushwi. Tangu siku ya misafara hakuna aliyesimama mbele ya watu akasema, "Mtani wangu alikuwa anasema uongo." Unaniomba nimtibu mume wangu kwa kumchinja mtani wangu.

Aliinamisha kichwa. "Basi tusifanye," akasema.

Lakini kinu kilikuwa pale mlangoni, nacho nilikuwa nikikipita kila nilipotoka.

Nilimfuata mtani Cheyo. Wakati huo alikwisha kuanza kuugua kifua, amelala uani juu ya mkeka, binti yake anampepea. Aliponiona akajiinua kwa kiwiko.

"Mfanyabiashara ya watu! Umekuja kuninunua? Nimeshuka bei."

Nilitakiwa kusema hata bure sikuchukui. Maneno yalikuwa tayari ulimini. Nikasema, "Nina shida."

Akamwashiria binti yake aache kupepea. "Shida gani?"

"Nataka uje maktaba useme ulikuwa unatania."

"Niseme shangazi hakuuzwa?"

"Useme hakuwapo shangazi. Nami niseme hivyo hivyo."

Alicheka kidogo, akidhani ni mlango wa utani mwingine. Alipoona sicheki, uso wake ulibadilika kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo.

"Mnyamwezi, umechoka?"

"Nimerudishiwa kinu."

Aliwajua majirani zangu, alijua kinu kilipokaa. Hakuuliza zaidi. Alijilaza tena, akageuzia uso ukutani, akasema, "Haya. Tutasema."

Siku ya somo chumba kilijaa kiasi, wanafunzi wengi kuliko watu wa mitaa. Mkufunzi aliandika maswali yake ubaoni, akaeleza vizuri, bila kuficha kwamba kosa lilifanyika chini ya mikono yake. Si wengi wenye elimu yake wangelisema hilo hadharani. Mkutubi akafungulia sauti yetu. Watu wakacheka palepale alipocheka yeye. Kisha tukaitwa. Mtani alisimama kwa kushika meza.

"Yale niliyosema hayakuwa kweli," akasema. "Shangazi hakuuzwa. Mume wa mwenzangu huyu alitoka ukoo wa wapagazi. Nilikuwa natania."

Nami nikasema yangu. Hatukuangaliana.

Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono. Hakuwa na ubaya. Aliuliza kama alivyofundishwa. "Sasa bibi, tutajuaje sehemu gani ni kweli? Hiyo nundu ya begani, nayo ni utani?"

Ndivyo nilivyoikosa nundu. Nimeiweka mikono yangu juu yake mimi mwenyewe, nilipoolewa, babu yule angali hai, kipofu, ameketi kwenye kigoda. Nilisema ni kweli. Kijana akaandika, lakini niliona namna alivyoandika. Mlango ukifunguliwa kumtoa mwongo, wakweli nao hutazamwa wanapopita.

Mjukuu wangu alipoiuliza ile mashine baadaye kuhusu ukoo wetu, haikusema tena kwamba nimethibitisha. Ilisema kwamba kuna mabishano iwapo ukoo huo ulishiriki au haukushiriki. Mabishano! Walibishana akina nani? Wazee wawili walicheka katika chumba chenye feni mbovu.

Ijumaa iliyofuata mtani alipita, ameegemea fimbo. Alisimama nje ya ua. Akapiga hodi.

"Habari za mchana, mama?"

"Nzuri, mzee. Karibu uji."

"Asante, nimeshakunywa nyumbani."

Tukaulizana afya, tukazungumzia mvua. Alipoondoka nilibaki nimeshika kata ya uji kama niliyetukanwa, maana katika maisha yetu yote hakuwahi kuniita mama, wala mimi kumwita mzee. Ijumaa nyingine alikuja hivyo hivyo. Kisha kifua kikamzidi, akaacha kuja.

Jirani yangu alirudi. Alikuja na bakuli la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, akasimama akikitazama kinu.

"Nimekuja kuona kama hakijapasuka," akasema.

"Kinu hakipasuki kwa kufudikizwa."

Akaketi. Tulikula michembe mpaka ikakaribia kwisha, ndipo nikamwuliza. "Ulijua kwamba ulikuwa utani?"

"Nilijua. Nimekusikia ukitaniana na yule mzee tangu nilipohamia hapa."

"Basi kwa nini?"

"Kwa sababu wanangu walinisikilizisha sauti yenyewe, si ule ufupisho tu. Nilikusikia ukicheka. Unasema mlimuuza tena, kwa hasara, na mnacheka. Mwenzangu, nilimwona nyanya yangu na ushanga wake."

Ninyi mnaosoma mnaweza kuwa na jibu lake. Utani ule ulikuwa wetu, wa njia yetu, na kwa vizazi vingi ulisemwa mbele ya wale tu waliojua pa kuuweka. Yeye hakuwa nasi siku tuliyousema. Ni chuma kilichompelekea. Nilitaka kusema hivyo. Nikaona mikono yake, nikamsogezea michembe iliyobaki. Alikiviringisha kinu hadi uani kwake, na tangu siku ile tunatwanga, lakini mambo ya nyanya yake hajayataja tena.

Mtani alifariki kipupwe kilipoanza. Nilikwenda Cheyo na jirani yangu, tukaketi na wanawake. Alasiri wanaume walipoliinua jeneza kulitoa uani, binti zake walinitazama. Wanawe walipunguza mwendo. Watu wote pale walijua zamu ni ya nani. Mimi ndiye niliyepaswa kujitupa langoni, niseme huyu haendi popote, ana deni la uji wangu wa miaka yote, na kimo hiki anajaza nini jeneza zima, mwekeni kwenye ungo. Yote haya nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeyaandaa tangu siku aliyolala chali mbele ya mume wangu. Nilisimama. Nikasogea hadi langoni, na jeneza likasimama mbele yangu.

Ndipo nilipoona simu. Zilikuwa zimeinuliwa juu, nyingi, kila kijana na yake, zinangoja nifungue mdomo.

"Sema," jirani yangu akaninong'oneza kwa nyuma. Yeye, kati ya watu wote. "Sema, mwenzangu. Mimi nitajua."

Yeye angejua. Na wana wa jirani yangu walioko Dar je? Na wanafunzi wa kufupisha? Nilimfikiria mzee yule akiwa ndani ya sanda, jina lake limeandikwa mahali kwamba mjane mmoja amethibitisha alikuwa mdaiwa na mlafi, na hakuna tena wa kumsimamisha ashike meza aseme ulikuwa mchezo. Nikalitazama jeneza. Nikasema:

"Nenda salama, mzee. Mungu akupumzishe mahali pema."

Nikapisha.

Mwanawe mkubwa alinitazama kama niliyemtemea mate baba yake. Alikuwa na haki. Mtani aliyezikwa na mtani wake kwa maneno mazuri amezikwa kama mgeni aliyekufa stesheni. Hakuna aliyecheka. Walilia tu, kilio kikavu, na jeneza likaenda haraka kama linalofukuzwa.

Mkutubi amenijia tena. Amesema maktaba sasa imeweka utaratibu kwamba kila sauti ya wazee iandikwe waliokuwa wakizungumza ni nani kwa nani: mtani, shemeji, mkwe, babu na mjukuu. Ni utaratibu mzuri. Nimemwambia ni mzuri, na nimemwambia asirudi tena na kinasa sauti chake. Nimekubali maneno haya tu, na kwa mkono wa mjukuu, kwa sababu nikikaa kimya kabisa mashine itasema kwa niaba yangu.

Na wewe unayeandika, usifunge daftari. Siku ile langoni nilitazama simu zile moja baada ya nyingine, nikitafuta uso ambao mbele yake ningeweza kusema. Ya kwako ilikuwa imeinuliwa pamoja na zao. Liandike na hilo, kisha unisomee.